Gari la kulala la dizeli: gia za mkono au otomatiki?

SWALI: Mimi ni mstaafu, mkazi wa Nyegezi jijini Mwanza. Mimi na mke wangu tumekusudia kununua Coaster ya dizeli iliyotumika Japani na kuigeuza kuwa gari la kulala, lenye kitanda, jiko na tangi la maji la lita 200, ili tuzunguke kandokando ya ziwa hadi Musoma na Bukoba, na mara mojamoja twende Arusha kwa watoto. Nimeoneshwa magari mawili yenye injini ya 1HZ, moja la gia za mkono na jingine la otomatiki. Fundi wangu ananikataza otomatiki, lakini mwanangu ananisihi niichukue kwa sababu ya goti langu la kushoto. Nimsikilize nani?
Msomaji, Nyegezi

JIBU: Shikamoo, mzee wetu. Fundi wako ana hoja ya kweli, na inaanzia kwenye injini. 1HZ ni injini imara ya silinda 6 na ujazo wa lita 4.2, lakini haina turbo, kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi, na Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, ambako injini ya namna hiyo hupoteza takribani sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Mkipitia Ngorongoro mtapanda kupita mita 2,000, huku mmebeba kilo 200 za maji peke yake, mbali na kitanda, jiko na mizigo. Gia za mkono hufikisha nguvu kwenye magurudumu bila kupoteza nyingi njiani, dereva huchagua gia kabla ya mlima kumkaba, na klachi ikiisha hubadilishwa katika gereji yoyote kuanzia Bunda hadi Biharamulo.

Otomatiki ya Coaster hupitisha nguvu kwa oili inayozungushwa ndani ya kigeuza-nguvu, na kila oili inapoteleza pasipo kushika, sehemu ya dizeli yako hugeuka joto. Joto hilo ndilo huua giaboksi za magari mazito, wala si umri peke yake. Hata hivyo, palepale penye msongamano wa Mabatini, au mnapopanda kivuko cha Kamanga kwa mwendo wa kinyonga, otomatiki hushinda: mwenye gia za mkono hulazimika kubalansi klachi, yaani kuishikilia nusu kwa mguu wa kushoto, akiichoma pleti yake na kulitesa goti.

Kwa hiyo, kwa hali yako, ningechukua otomatiki, ila kwa masharti. Fungeni kipoza-oili cha ziada mbele ya rejeta. Oili ya giaboksi ibadilishwe kila kilomita 40,000, na iwe ya aina iliyotajwa na mtengenezaji. Mlimani zimeni kitufe cha ovadraivu, ile gia ya juu kabisa ya mwendo kasi, na mkishuka wekeni gia ya chini ili injini iwasaidie kushika gari, kwani breki za gari lililojaa zikipata moto mno huacha kushika.

Kabla ya kulipa, endesheni gari hadi lipate moto, mlipandishe kilima cha Bugando, kisha mchomoe kijiti cha kupimia oili ya giaboksi, injini ikiwa inaunguruma. Oili nyekundu na safi inatia moyo. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inatosha kuwarudisha nyumbani. Ikiwa hivyo, msikimbilie lile la gia za mkono kwa kukata tamaa, bali tafuteni otomatiki nyingine.

Mkioneshwa Canter yenye Duonic, ile ya gia 6 na klachi mbili zinazobadilishwa na kompyuta, nawasihi muiache. Si mbovu, lakini ikigoma Muleba mtahitaji kifaa cha kuisoma kompyuta yake na fundi anayeijua.

Jambo la mwisho ni la usalama wa giaboksi yenyewe. Otomatiki haiwashwi kwa kusukumwa, hivyo betri iwe nzima daima, na taa na friji za sehemu ya kulala zipewe betri yake ya pembeni. Gari likiharibika njiani, lisivutwe magurudumu ya nyuma yakiwa chini, kwa kuwa pampu ya oili huzungushwa na injini na giaboksi itasagika ikiwa kavu; propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, ifunguliwe kwanza.