Maswali ya Wasomaji: Programu Inaganda Ikingoja Ujumbe

SWALI

Asalaam aleikum Maalim. Nakuandikia kutoka Langoni, Lamu. Nina programu ya C inayotumia MPI, utaratibu wa michakato kadhaa ya programu moja kutumiana ujumbe, kwenye laptopu yangu yenye kori nne. Nimegawa mlango wa bahari baina ya Shela na Manda vipande vipande. Kwa kila kipande na kila kiwango cha maji, programu inatafuta mahali ambapo jahazi litapita bila kupanda mchanga. Mchakato sifuri unawagawia kazi wenzake watatu, na wenyewe pia unapiga hesabu. Mwanzo ulikuwa ukifika kwenye MPI_Recv, mwito wa kupokea ujumbe, unaganda mpaka mwenzake amalize. Rafiki yangu akanambia nitumie MPI_Iprobe. Sasa haugandi, lakini mara nyingine programu inakufa kwa kosa la MPI_ERR_TRUNCATE, na mara nyingine inamaliza mapema, majibu ya vipande kadhaa hayamo. Tatizo liko wapi? Na kwa nini wale wenzake bado wanakaa bure mara nyingine, ingawa nimeweka MPI_Iprobe? Programu yenyewe nimekuambatishia.

Msomaji, Lamu

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu. Swali lako nimelifurahia sana. Manahodha wa huko wanaujua mlango ule kwa macho na kwa kumbukumbu, na ramani itakayoonyesha maji ya bamvua yanapopwa pamebaki njia gani ni kazi yenye faida kwa kila anayepita Ras Kitau.

Rafiki yako amekuelekeza vyema. MPI_Iprobe imo ndani ya MPI tangu toleo la kwanza la 1994, na kazi kama yako ndiyo inayoifaa hasa. Lakini inatazama tu, haipokei. Ni kama mtu kupiga hodi nawe ukachungulia dirishani: umejua nani amekuja na mzigo wake una ukubwa gani, ila yeye bado yuko nje, na mzigo bado anao mkononi. Makosa yako yote mawili yanatokana na hapo.

Nianze na MPI_ERR_TRUNCATE, yaani ujumbe umezidi nafasi uliyoutengea. Majibu yako hayana urefu mmoja. Kipande cha katikati ya mkondo kina sehemu nyingi za kupita, kipande cha kando ya mikoko maji yakipwa huenda kisiwe na hata moja. Kwa hiyo unachungulia, unauliza urefu, unatenga bafa (nafasi ya kumbukumbu) ya urefu huo, kisha unapokea. Hadi hapo sawa. Ila naona kwenye MPI_Recv umeandika tena MPI_ANY_SOURCE, yaani ‘yeyote’. Baina ya kuchungulia na kupokea, mchakato mwingine unaweza kuwa umefikisha ujumbe wake, na MPI haikuahidi kwamba ‘yeyote’ wa mara ya pili ni yule yule wa mara ya kwanza. Ulipima bafa kwa jibu fupi la mchakato wa pili, ukapokea jibu refu la mchakato wa tatu, halikuenea. Na ukikutana na kinyume chake, jibu fupi ndani ya bafa refu, hutaona kosa lolote. Utaandika kwenye ramani namba za kipande kingine, au takataka. Hilo ndilo linalonitia hofu zaidi kuliko programu kufa, kwa sababu mtu atakuja kupitisha jahazi kwa ramani hiyo.

Dawa ni kupokea kwa jina la yule uliyemwona, pamoja na lebo (namba inayotambulisha aina ya ujumbe) uliyoiona. Vyote viwili vimo ndani ya hali, yaani taarifa za ujumbe unazorudishiwa na MPI_Iprobe:

MPI_Iprobe(MPI_ANY_SOURCE, LEBO_JIBU, MPI_COMM_WORLD, &ipo, &hali);
while (ipo) {
  MPI_Get_count(&hali, MPI_DOUBLE, &idadi);
  double *jibu = malloc(idadi * sizeof(double));
  MPI_Recv(jibu, idadi, MPI_DOUBLE, hali.MPI_SOURCE, hali.MPI_TAG, MPI_COMM_WORLD, MPI_STATUS_IGNORE);
  hifadhi(jibu, idadi);
  free(jibu);
  yaliyobaki--;
  mpe_kazi(hali.MPI_SOURCE);
  MPI_Iprobe(MPI_ANY_SOURCE, LEBO_JIBU, MPI_COMM_WORLD, &ipo, &hali);
}

Tazama nimetumia while, si if. Ukichungulia mara moja ukapokea jibu moja, huku wawili wengine wanangoja, watakaa bure mpaka zamu yako nyingine ya kuchungulia. Wachukue wote waliofika, kisha rudi kwenye hesabu zako. Na idadi ikiwa sifuri, huo nao ni ujumbe halali, ni kipande kilichokauka. Kinachokwambia kwamba ujumbe upo ni ipo, wala si idadi.

Sasa hilo la kumaliza mapema. Umeandika kwamba ipo ikiwa sifuri na kazi za kugawa zimekwisha, toka. Lakini sifuri hapo maana yake ni ‘bado haujafika’, haina maana ya ‘hakuna tena’. Mwenzako anaweza kuwa bado anapiga hesabu, au ujumbe uko njiani. Hakuna njia ya kuichungulia MPI ikakwambia kwamba hakuna mtu atakayekuja. Lazima uhesabu mwenyewe: kila ukitoa kazi ongeza yaliyobaki ndani ya mpe_kazi, kila ukipokea jibu punguza, na usitoke mpaka ifike sifuri. Pia usiite MPI_Finalize, mwito wa kuifunga MPI, huku kuna ujumbe haujapokewa. Hilo ni kosa kwa kanuni za MPI, hata kama siku nyingine linapita kimya.

Umeniuliza pia kwa nini wenzake wanakaa bure wakati kuchungulia kumewekwa. Majibu mafupi maktaba nyingi za MPI huyapokea na kuyaweka pembeni, na MPI_Send ya mtumaji inarudi mara moja. Majibu marefu hayafanyiwi hivyo: mtumaji anatanguliza taarifa tu, kisha anasubiri mpokeaji aite MPI_Recv ndipo data yenyewe ihame. Kwa hiyo ukichungulia ukaona jibu refu kisha ukasema ‘nitalichukua baadaye’, umemfunga mwenzako pale pale alipo. Ukiliona, lichukue.

Uchungulie mara ngapi? Si kila nukta ya ramani. Kila mwito una gharama yake, na kwenye kitanzi cha ndani kabisa utakula muda wa hesabu. Wala usingoje kipande kizima kiishe, maana ndicho kilichokuwa kikiwachelewesha wenzako. Mimi ningechungulia mwisho wa kila mstari wa nukta. Pima kwa MPI_Wtime muda wa mstari mmoja, kisha pima muda ambao wenzako wanangoja, usogeze kutoka hapo.

Na mchakato sifuri ukiisha kazi zake zote, acha MPI_Iprobe kabisa. Kuizungusha kwenye kitanzi kitupu hakukupi chochote, kwa kuwa huna jingine la kufanya. Tumia MPI_Probe, ambayo inangoja mpaka ujumbe ufike, kisha endelea na MPI_Get_count na MPI_Recv vile vile.

Jambo la mwisho kwako: siku utakapojua urefu wa juu kabisa wa jibu, jaribu MPI_Irecv pamoja na MPI_Test. Unafungua bafa mapema, unaendelea na hesabu, unauliza tu kama limeingia. Data ikifika inapata pa kukaa tayari. Kwa ramani yako ya sasa, ambayo urefu hubadilika kwa maji kujaa na kupwa, ningebaki na MPI_Iprobe.

SWALI

Maalim, shikamoo. Niko Malindi, natumia Python na mpi4py, maktaba ya kutumia MPI kwenye Python. Nyuzi mbili (threads) za mchakato mmoja zote zinaita comm.iprobe, kisha comm.recv. Nimeshapokea kwa mtumaji na lebo niliyoiona, kama unavyofundisha siku zote, na bado uzi mmoja unaganda. Kwa nini?

Msomaji, Malindi

JIBU

Marahaba. Nyuzi zako mbili zimeuona ujumbe mmoja. Wa kwanza ukauchukua, wa pili ukaenda kupokea kitu ambacho hakipo tena, ndiyo maana unaganda. Kujua mtumaji na lebo hakutoshi hapo. MPI 3.0 ya 2012 ilileta MPI_Improbe kwa ajili ya shida hii hii: ukiuona ujumbe, unatengwa kwa ajili yako, na uzi mwingine hauuoni tena. Kwenye mpi4py ita comm.improbe, itakurudishia None kama hakuna kitu, au kitu cha ujumbe ambacho unaita .recv() juu yake. Kabla ya hapo hakikisha MPI.Query_thread() inarudisha MPI.THREAD_MULTIPLE, kiwango kinachoruhusu nyuzi kadhaa kuita MPI kwa wakati mmoja. mpi4py huomba kiwango hicho yenyewe, lakini maktaba iliyo chini yake inaweza kutoa cha chini zaidi. Ikiwa ni hivyo, achia uzi mmoja tu kazi ya kuzungumza na MPI, na nyuzi nyingine zichukue kazi zao kwenye foleni ya kawaida ya Python.