Maswali ya Wasomaji: "Tukutendereza Yesu" ilitoka wapi?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mwalimu. Mwezi uliopita tulimzika bibi. Kila mzee aliyesimama kumshuhudia, kabla hajaketi wenzake walidakia "Tukutendereza Yesu". Nimeuimba wimbo huu tangu shule ya Jumapili bila kujua ninachosema. Mwanakwaya mwenzangu ananiambia ni wimbo wa mashahidi wa Uganda waliochomwa moto. Ni kweli? Nani aliutunga, na kwa nini wazee huuimba baada ya kila ushuhuda? – *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Amina, mwanangu, na pole kwa msiba.

Mwenzako amechanganya nyimbo mbili, na si yeye peke yake. Vijana watatu wa kwanza kuuawa kwa ajili ya Kristo huko Buganda, Januari 31, 1885, wanasimuliwa kuwa waliimba wimbo wa "Kila siku tumsifu". Huo ni mwingine kabisa. "Tukutendereza" ulipata umaarufu zaidi ya miaka 40 baadaye, nao ulienezwa na watu waliojiita ndugu, au wapendwa, ambao Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka.

Maneno ya asili ni ya Kiingereza. Yaliandikwa na Louise M. Rouse katika karne ya 19 na kutiwa sauti na Dora Boole. Ubeti wa kwanza ni mtu anayemwambia Mwokozi kwamba ameokolewa naye na ni wake peke yake. Kwenye Tenzi za Rohoni unao kwa Kiswahili, ule wenye "Damu imenisafisha". Lakini Waganda walipoutia katika lugha yao ulipata maisha mapya, na kiitikio chake kikavuka mipaka bila kubadilishwa lugha:

*Tukutendereza Yesu,*
*Yesu Mwana gw'endiga;*
*Omusaayi gwo gunnaazizza;*
*Nkwebaza, Omulokozi.*

Maana yake: Twakusifu Yesu, Yesu Mwana-kondoo, damu yako imenitakasa, nakushukuru, Mwokozi. Angalia kwamba wanaoanza kusifu ni wengi, na anayeshukuru mwishoni ni mmoja. Huyo mmoja ndiye aliyesimama na kusema yake.

Sasa historia. Mwaka 1929, daktari kijana wa Kiingereza, Joe Church, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda, juu ya Ziwa Muhazi, alikwenda Kampala kupumzika. Alikuwa amechoka mwili na roho. Rwanda ilikuwa imetoka kupigwa na njaa kali na watu walikuwa wamekufa mbele ya macho yake. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa mtumishi wa serikali katika mambo ya afya. Wakakaa na Biblia zao, wakasoma habari za Roho Mtakatifu, wakaomba pamoja. Mzungu na Mwafrika, wakati ule wa ukoloni, kila mmoja akikiri upungufu wake mbele ya mwenzake! Mimi naona uamsho wote wa Afrika Mashariki, yaani mwamko huo wa Balokole, umo ndani ya tendo hilo moja.

Church alirudi Gahini. Huko walikuwapo Yosiya Kinuka, aliyekuwa msimamizi wa wafanyakazi wa hospitali, na Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliyekuwa akifundisha wainjilisti. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, siku chache tu kabla ya kuzungumza mbele ya sinodi ya kanisa la Uganda. Kufa kwake hakukuuzima moto. Mwaka 1937 timu za ndugu zilikuwa zimefika Kenya, na mwishoni mwa miaka hiyo ya 30 uamsho uliingia Tanganyika kupitia Katoke, katika Kagera ya leo. Popote walipofika, kiitikio kile kilifika nao.

Wasidhani wasomaji kwamba makanisa yaliwapokea kwa matarumbeta. Walisumbua. Waliwaambia maaskofu na wachungaji watubu kama watu wengine. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha theolojia cha Mukono, akiwamo William Nagenda, ambaye baadaye alihubiri nchi nyingi.

Kuhusu swali lako la kwa nini baada ya ushuhuda, acha nikueleze nilichokiona mwenyewe nikiwa mtoto kwetu Karagwe. Mama yangu alikuwa mmoja wa wapendwa, na ushirika wao, yaani mkutano wa maombi na ushuhuda, ulikuwa ukifanyika sebuleni kwa shangazi. Jioni moja alisimama karani wa mizani, mtu mwenye heshima, anayevaa viatu siku za kazi. Akasema amekuwa akiwapunja wakulima wa kahawa ratili mbili kila gunia. Kimya. Hakuna aliyeimba. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Ndugu, ni akina nani?" Akaanza kutaja majina, na mmoja wa waliotajwa alikuwa ameketi palepale mkekani, karibu na mlango. Mzee akauliza tena, "Na mali yao?" Karani akasema atauza ng'ombe wake mmoja awalipe, aanze na huyu aliyepo. Hapo ndipo mama alipoanzisha: *Tukutendereza Yesu...* Watu wakainuka, na yule mkulima akaenda akamkumbatia karani kabla wimbo haujafika mwisho.

Basi umeuona utaratibu. Wimbo haukuja mtu alipofungua kinywa, wala alipotoa machozi. Ulikuja alipotaja dhambi kwa jina lake na kukubali kurudisha. Ni jibu la ndugu kwa aliyejianika: tumesikia, hatukutupi, na damu iliyokusafisha wewe ndiyo iliyotusafisha sisi. Wenyewe wanaita "kutembea nuruni", kutoka 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Soma aya hiyo polepole, kisha uimbe kiitikio. Utaona kwamba ni kitu kilekile.

Wazee walipomwimbia bibi yako, walikuwa wakifanya alichowafanyia yeye miaka mingi. Bila shaka yeye naye aliwahi kusimama akasema yake, nao wakamwimbia.

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Vijana wa kanisa letu wanasema nyimbo za damu zinawatisha wageni. Wanataka tukiimba "Tukutendereza" kwa Kiswahili, tuseme "neema" badala ya "damu". Wewe waonaje? – *Mwenyekiti wa kwaya, Nakuru*

JIBU: Marahaba. Msibadilishe, na nitakwambia sababu iliyo karibu na kwenu.

Katika miaka ya 1950, wakati wa vita vya Mau Mau, ndugu wa uamsho katika nchi ya Wakikuyu walibanwa pande zote mbili. Wapiganaji waliwataka wale kiapo, na kiapo kilikuwa na damu ya mbuzi. Wengi walikataa kwa hoja moja: wamekwisha kunywa damu ya Kristo, hawawezi kunywa nyingine. Na hapohapo wengi wao walikataa pia kushika silaha za serikali ya wakoloni, kwa kuwa hawakuwa tayari kumuua mtu ambaye Kristo alimfia. Wapo waliopigwa, wapo waliouawa. Kwao damu ya Mwana-kondoo ndiyo iliyoamua wale nini, washike nini, na wamwite nani ndugu. Rwanda na Uganda pia, damu hiyo iliwakalisha meza moja watu ambao kabila, rangi na cheo viliwatenga.

Ukiweka "neema", utakuwa na neno jema la Kikristo, lakini utakuwa umemwondoa Mwana-kondoo wa Yohana 1:29, yule "aichukuaye dhambi ya ulimwengu". Mwana-kondoo huyo hakuichukua dhambi kwa maneno matamu. Alichinjwa. Kama mgeni anatishika, mpeni kiti, mkae naye baada ya ibada, mmweleze. Nimewaona wageni wengi wakivutwa na wimbo huu, hasa wenye jambo zito moyoni, na kilichowavuta ni neno hilohilo mnalotaka kulitoa.

Vijana wako nawaheshimu kwa kuwajali wageni. Waambie waende kwa mzee yeyote wa ushirika wa zamani hapo Nakuru, wakiwa na daftari, wamuulize siku aliyookoka ilikuwaje. Wamwache aongee, wasimkatize.

SWALI: Je, ni makosa kuupiga kwa gitaa na kinanda? Na mbona wazee huimba kiitikio tu, beti hawaimbi? – *Msomaji, Kigoma*

JIBU: Vyombo si makosa. Wazee hawakuwa navyo katika ushirika wa nyumbani, na kiitikio kilipoanzishwa na mtu mmoja kwa ghafla hapakuwa na nafasi ya kutafuta ufunguo wa sauti. Kwa sababu hiyohiyo beti ziliachwa: mtu amemaliza kusema, ndugu wanajibu, mwingine anasimama. Mkiwa na tamasha la kwaya, imbeni beti zote, ni nzuri.

Ombi langu ni moja. Msiutumie kujazia muda wakati sadaka inapitishwa au mtambo wa sauti unaporekebishwa. Nimeliona hilo makanisa kadhaa na linaniumiza. Na siku mtu akisimama katikati ya ibada yenu akaungama jambo la kweli, mpiga gitaa aweke gitaa chini, mwimbieni huyo mtu kwa sauti zenu tu.