Vigari vya Matchbox vya zamani: kuweka au kuuza?

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama vile vigari vya kuchezea vya Matchbox mzee wako alivyoachiwa na mpangaji wake Mwitaliano vitapanda bei ukivifungia kabatini. Vichache vitapanda. Vingi, sahau.

Kipindue kimoja usome tumboni. Ukiona England na Lesney, yaani kampuni iliyotengeneza Matchbox, hicho ni cha kabla ya kampuni hiyo kufilisika mwaka 1982, na wakusanyaji Uingereza bado wanavitafuta. Tazama na magurudumu: yale ya kizamani yalianza kuondolewa 1969, baada ya washindani wao Hot Wheels kuingia sokoni 1968 na vigari vyenye mbio zaidi. Kikiwa na kikasha chake cha karatasi, hapo ndipo pesa ilipo. Kilichochezewa mchangani mpaka rangi ikabanduka ni kumbukumbu tu. Ukisoma Thailand, hicho ni cha miaka ya baadaye, mpe mtoto acheze.

Na usidanganywe na "toleo maalumu". Miaka ya 1990 Wamarekani walirundika Beanie Babies, vidoli laini vya wanyama, wakidhani ni akiba. Soko likaporomoka, maana kila mtu alikuwa amevihifadhi.

Adui wetu wa pwani ni hewa ya chumvi. Huku Lamu ekseli zinashika kutu hata ndani ya droo. Tafuta kopo la plastiki lenye mfuniko wa kubana, utie vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Halafu tafadhali, usivipake rangi upya. Mnunuzi akigundua, bei anaishusha papo hapo.