Maswali ya Wasomaji: Kenya na Tanzania, nani anagharimia ufundi zaidi?

SWALI: Binamu yangu alisoma chuo cha ufundi Kenya, akalipiwa na Serikali ruzuku ya Sh30,000 za Kenya kwa mwaka. Mimi niko VETA (mamlaka ya ufundi stadi Tanzania), ada ya kutwa ni Sh60,000 za Tanzania. Kikundi chetu cha vijana kinataka kulinganisha matumizi ya serikali hizi mbili kwa ufundi baada ya sekondari. Je, tuchukue bajeti ya wizara ya kila nchi tugawe kwa idadi ya wanafunzi? *Msomaji, Mkinga, Tanga*

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Namba mtaipata, lakini itawapotosha.

Tatizo la kwanza ni hayo maneno "baada ya sekondari". VETA, kwenye ngazi za NVA (tuzo za ufundi stadi) 1 hadi 3, hupokea hata aliyeishia darasa la saba. Vyuo vya Kenya vinavyodai D ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari) kwa cheti na C- kwa stashahada vinakaribiana zaidi na ngazi za NTA 4 hadi 6 huku kwetu, yaani cheti hadi stashahada. Kuitenga VETA kwa kigezo cha sifa za kujiunga ni kazi ngumu, maana bajeti yake haigawanywi hivyo. Ushauri wetu: hesabuni ufundi wote, pande zote mbili, kisha mwandike wazi kwamba ndivyo mlivyofanya.

Kwa Kenya, anzeni na Fungu 1064 la bajeti, la Idara ya Mafunzo ya Ufundi, kisha muongeze kaunti. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini, kwa hiyo fedha zake hamtaziona zote Nairobi. Ongezeni pia KMTC. Chuo hiki cha wauguzi na matabibu kiko chini ya Wizara ya Afya, na wengi hukisahau. Tanzania nayo ina mtawanyiko huohuo: Fungu 46 (Elimu) lina VETA na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, Fungu 52 (Afya) lina vyuo vya afya, Fungu 43 lina vyuo vya kilimo. Mkiiweka KMTC upande mmoja na kuacha vyuo vya afya upande wa pili, hesabu yote imeharibika.

Sasa turudi kwa binamu yako. Katika utaratibu ulioanza 2018, ada ya mwaka ilikuwa Sh56,420 za Kenya: Serikali ilitoa 30,000, familia 26,420. Familia ikikosa, kulikuwa na mkopo wa HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi ya Kenya. Hapo pana mtego. Karo wanayolipa wanafunzi huingia vitabuni kama makusanyo ya chuo na kuvimbisha jumla ghafi ya bajeti. Mkichukua jumla hiyo, mwanafunzi aliyepewa 30,000 ataonekana amepewa 56,420, karibu mara mbili. Ondoeni makusanyo. Mkopo wa HELB uwekeni safu ya peke yake, kwa kuwa utarudishwa.

Idadi ya wanafunzi ndiyo inayoangusha wengi. VETA ina kozi fupi nyingi. Chukueni mfano wa kubuni: chuo kina wanafunzi 1,000 wa mwaka mzima na 4,000 wa miezi mitatu, na kimetumia Sh2 bilioni. Kwa vichwa 5,000 ni Sh400,000 kila mmoja. Lakini wale 4,000, kila mmoja ni robo mwaka, wanakuwa sawa na 1,000 wa mwaka mzima. Gaweni kwa 2,000, mtapata Sh1,000,000. Chuo ni kilekile, fedha ni zilezile.

Majengo nayo yatengeni. Mwaka ambao Tanzania inajenga vyuo vya VETA vya wilaya 63, Matumizi ya Maendeleo hupanda ghafla bila mwanafunzi hata mmoja kuongezeka. Linganisheni Matumizi ya Kawaida, tena fedha zilizotolewa kweli, si zilizoidhinishwa. Kwa Kenya tazameni ripoti za Msimamizi wa Bajeti. Kwa Tanzania, randama (maelezo ya kina ya bajeti) za wizara na ripoti za CAG, Mkaguzi Mkuu wa Serikali.

SWALI: Tozo ya waajiri je, nayo ni fedha ya Serikali?

JIBU: Ndiyo, inakusanywa kwa sheria. Tofauti kati ya nchi hizi mbili ni kubwa mno. Tanzania Bara, mwajiri binafsi mwenye wafanyakazi 10 na mishahara ya jumla ya Sh10 milioni kwa kiwango kilichoanza Julai 2023 hulipa SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) ya 3.5%, yaani Sh350,000 kwa mwezi. Theluthi moja ndiyo iendayo VETA, kama Sh116,667, na theluthi mbili hubaki Hazina. Mwenzake wa Kenya hulipa NITA (mamlaka ya mafunzo ya viwandani) Sh50 kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, jumla Sh500 za Kenya. Angalieni msihesabu mara mbili: kama fedha ya SDL imekwisha kuonekana kwenye matumizi ya VETA, msiiongeze tena.

SWALI: Tubadilishe shilingi kwa bei ya benki?

JIBU: Tumieni uwiano wa uwezo wa kununua wa Benki ya Dunia, yaani ule unaoangalia shilingi inanunua kiasi gani katika kila nchi, kwani sehemu kubwa ya gharama ni mishahara ya walimu, na mishahara hailipwi kwa dola. Mwaka wa fedha hautawasumbua: kote unaanza Julai mosi.