Re: AC ya trela inazima jenereta

Habari ndugu. Nimekuelewa: jenereta ya wati 2,200, AC ya trela lako la kulala ni ya BTU 13,500 (kipimo cha nguvu ya kupoza), feni inazunguka vizuri ila kompresa ikitaka kushika tu, umeme unakata.

Yalinikuta hayo hayo Arizona. Kompresa ikishashika, AC inakula kama wati 1,300 hadi 1,500. Shida ni ule mshtuko wa kuanza, unaozidi hapo maradufu. Kwanza zima swichi ya eco ya jenereta, ile inayopunguza kasi ya injini umeme ukitumika kidogo, ili injini iwe kwenye kasi tayari. Friji ihamishie kwenye gesi, hita ya maji na chaja ya betri zima. Chaja hasa, watu huisahau!

Kwangu hayo hayakutosha. Kilichoniokoa ni softi stata, kijisanduku kinachofungwa ndani ya AC pale juu ya paa ili kompresa iamke taratibu. Siku hiyo jenereta iliguna kidogo, ikatulia. Ila milimani nguvu hupungua, karibu asilimia 3 kila mita 300. Flagstaff, mji wa milimani huko Arizona, kwenye mita 2,100, niliishia kuwasha feni peke yake.

Na tafadhali sana, moshi uelekee mbali na madirisha, na king'ora cha kaboni monoksaidi (gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi huo) kijaribu kabla watoto hawajalala.