Kupata sauti ya inanga kwenye Yamaha PSR-SX700

Mkuu, umeuliza utapataje sauti ya inanga, ile ala ya jadi ya nyuzi za kudonolewa, kwenye kinanda cha SX700 cha kwaya yenu hapo Kigoma mjini. Umejaribu kinubi na koto (ala ya nyuzi ya Kijapani), ukaongeza riveb (mwangwi) mpaka ikawa kama mtu anapiga ndani ya pango, na wazee wa Kasulu bado wanacheka. Waache wacheke, wana haki. Riveb haibadilishi ala, inabadilisha chumba tu. Inanga inatambulika pale mwanzo kabisa: kidole kinaachia uzi, mti unagonga kidogo, sauti inakufa upesi na kubakiza mvumo wa chini. Koto inang'aa juu. Inanga iko chini, kavu, na ina mkwaruzo wake.

Kama una jioni moja tu, hariri voisi (sauti ya ala) iliyomo kwenye kinanda. Usianzie kwenye kinubi, anzia gitaa la nailoni na ulishushe oktava moja. Ingia ukurasa wa kuhariri voisi, na ufuate mpangilio huu: umbo la sauti kwanza, filta (inayopunguza ung'avu) baadaye, efekti mwisho kabisa. Ataki (muda wa sauti kuanza) usiiguse. Ukiipandisha hata kidogo ule mguso wa kidole unapotea na sauti inaanza kuvuta kama fidla. Dikei (muda wa sauti kufifia) ishushe kama 15 hadi 20 kutoka ilipo, filta ifunge kama 10 hadi 15, rezonansi (mkazo pale filta inapokata) ipandishe 5 hivi. Ukizidisha inapiga mluzi kwenye noti fulani fulani. Vibrato (mtetemo wa sauti) toa yote. Badilisha kitu kimoja, sikiliza, linganisha na rekodi ya inanga halisi iliyo kwenye simu, zote zikiwa na ukubwa uleule wa sauti, maana sikio hudhani chenye kelele zaidi ndicho kizuri zaidi.

Voisi ya kiwandani haifutiki, hivyo utahifadhi yako kama mpya, kwenye kumbukumbu ya ndani ya kinanda. Wengi wanahifadhi kwenye flashi, wanaiunganisha na rejistresheni (kitufe kinachokumbuka mipangilio ya kinanda), halafu Jumapili flashi iko kwa mpiga picha. Rejistresheni haibebi voisi. Inakumbuka mahali ilipo tu.

Hiyo inatosha wimbo wenye ngoma na besi nyuma yake. Utangulizi wa inanga peke yake utakuumbua, na hapo dawa ni kurekodi ala yenyewe. Hili ndilo ningekushauri, kwa sababu SX700 ina takriban MB 400 za kupokea sauti za nje na wewe utatumia kipande kidogo sana.

Tafuta mpigaji na chumba chenye mapazia au magodoro. Zima feni na jenereta, na usirekodi mvua ikiwa kwenye bati. Hakuna programu itakayoitoa kelele hiyo bila kula na sauti ya mti wa inanga. Maikrofoni au simu ikae sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye ala, ikielekea katikati ya nyuzi. Rekodi kwa WAV, kilohezi 44.1, biti 16, mono. Ukitumia ile rekoda ya kawaida ya simu inayobana faili, mkwaruzo wa uzi ndio unaoliwa kwanza. Kilele kisipite desibeli -6.

Kila uzi upigwe taratibu mara tatu na kwa nguvu mara tatu, na uachwe ufe wenyewe hadi kimya. Utachagua pigo moja bora kwa kila hali. Tuseme inanga ina nyuzi 8: ni sauti 16, na kila moja ikiwa sekunde 4 unapata sekunde 64. Mono ya aina hiyo inakula kama KB 88 kwa sekunde, kwa hiyo jumla haifiki hata MB 6. Huna sababu ya kubana chochote.

Ukataji ndio unaoharibu kazi za watu. Kwenye Audacity (programu ya kuhariri sauti) kuza wimbi mpaka uone uzi unapoanza, ukate ukiacha milisekunde 2 au 3 tu. Ukiacha 50, mpigaji atalalamika kinanda kinachelewa, na kosa si la kinanda. Kata pale wimbi linapovuka mstari wa kati (bonyeza Z, Audacity inatafuta yenyewe), la sivyo utasikia "tik" kila unapogusa kitufe. Mwishoni ififishe polepole. Usihangaike na lupu (kipande kinachojirudia ili sauti iendelee). Uzi wa kudonolewa hauhitaji.

Sasa nenda kwenye Yamaha Expansion Manager, programu ya kompyuta ya kuingiza sauti mpya kwenye kinanda, ni ya bure. Kwanza chomeka flashi kwenye kinanda, ingia menyu ya ekspansheni, hifadhi faili la utambulisho wa kinanda, ulipeleke kwenye kompyuta. Fungua voisi mpya, ingiza WAV zako, na kila moja uipe kitufe chake cha asili. Angalia hapa: Yamaha wanaiita C ya kati C3, programu nyingi nyingine wanaiita C4. Ukisikia kila kitu kimepanda au kushuka oktava nzima, sababu ndiyo hiyo.

Uzi mmoja usiuvute zaidi ya nusu toni 3 juu au chini. Kwa nusu toni 3 juu sauti inakwenda kasi kwa karibu asilimia 19, na kule kugonga kwa mti kunasikika kama kibuyu. Mapigo ya taratibu yape nguvu ya kidole 1 hadi 85, ya nguvu 86 hadi 127. Kisha gonga kitufe kimoja ukipandisha nguvu kidogo kidogo. Ukisikia inaruka kwenye mpaka, punguza kiwango cha kundi moja.

Tuning ni uamuzi wako. Mzee mpigaji hakutuni kwa hezi 440, kipimo cha kawaida cha noti ya A. Mimi ningesahihisha kila uzi kwa senti (senti 100 ni nusu toni) ndani ya programu ili besi na kwaya wasigombane nao, halafu kwa utangulizi niurudishe mtuno wa mzee kwa skeli tuning ya kinanda, ambayo inasogeza kila noti kutoka senti -64 hadi +63, na niuweke kwenye rejistresheni yake.

Unapofunga pakiti, yaani faili la sauti litakalosakinishwa kwenye kinanda, jumuisha na zile zilizokuwamo tayari. Pakiti mpya ikiingia inafuta iliyotangulia, na zile sauti za gitaa la sebene mlizoweka mwaka jana zitaondoka nayo. Hakikisha pia umeme una uhakika. Usizime kinanda kikiwa kinasakinisha.

Na wewe uliyeuliza kuhusu PSR-E, vinanda vidogo vya Yamaha: vingi havina ukurasa wa kuhariri voisi. Changanya gitaa la nailoni na marimba kwa sauti mbili, marimba iwe na sauti ndogo sana kuliko gitaa, na oktava moja chini. Poli (idadi ya sauti zinazoweza kulia pamoja) ni 32 au 48 tu kwenye vingi, na kila kitufe kinakula mbili, kwa hiyo toa mguu kwenye pedali.