Uliza Anti: Nikisomea usaidizi wa kisheria kwenye simu, kazi ipo?

Shikamoo Anti. Mi binti wa miaka 24 nakaa Igoma, nilimaliza form four nikapata C ya Kiswahili na D nne, sahivi nauza vocha na kusajili laini pale Buzuruga. Kuna tangazo limetupwa kwenye grupu letu la WhatsApp, wanasema ukisoma kozi ya paralegal, yaani msaidizi wa kisheria, mtandaoni wiki sita tu unapata cheti cha kimataifa, unaweza kuajiriwa na wakili yeyote au ukafungua ofisi yako mwenyewe. Ada laki tatu na nusu, unatuma kwenye namba ya simu. Laki mbili ninazo tayari kwenye kibubu. Nitume au napigwa?
*– Msomaji, Igoma*

Marahaba mwanangu. Kibubu usikivunje kwanza.

Kusoma mtandaoni sio tatizo kabisa, watu wanasoma mpaka digrii wakiwa sebuleni kwao. Shida ya hilo tangazo ni kwamba limechanganya kazi mbili tofauti likaziweka kwenye sufuria moja, na anayelipa laki tatu na nusu bila kujua anataka ipi kati ya hizo mbili ndio anayelia baadaye.

Ya kwanza ni msaidizi wa kisheria wa jamii. Huyu anatambulika na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na kazi zake zimetajwa humo humo: kutoa elimu ya sheria, kumuelekeza mtu aende kwenye chombo gani, kumsaidia apate nyaraka anazohitaji, na kuwashauri wanaogombana wakae wayamalize. Kusimama mahakamani kumtetea mtu hapana, hiyo ni ya wakili. Na huduma yenyewe ni bure. Sasa niambie hiyo "ofisi yako mwenyewe" itakula nini? Wengi unaowaona wanaifanya hii kazi wanajitolea, wakipata posho ni pale mradi fulani umekuja, kwa hiyo vocha zako usiziache.

Nikupe mfano ujue siku yake inaendaje. Mama anauza dagaa Mwaloni, mume kafariki, shemeji zake wameshaanza kupimapima kiwanja. Anakuja kwako analia. Hapo huanzi kumsomea vifungu, unaanza kumuuliza: cheti cha kifo unacho? Kama hana unamuelekeza RITA, wale wanaosajili vizazi na vifo, na karatasi za kubeba. Kikao cha ukoo mmekaa? Muhtasari uko wapi, nani wamesaini? Ndipo mnaenda Mahakama ya Mwanzo, kule anajaza fomu namba 1 ya kuomba usimamizi wa mirathi, we unamsaidia kuielewa maana mama wa watu ameshika kalamu mkono unatetemeka, haoni hata pa kuandika jina la marehemu. Akishateuliwa unamkumbusha kwamba kuna fomu namba 5 ya kuorodhesha mali na namba 6 ya hesabu, ana miezi minne, watu wengi wakishapata barua ya usimamizi wanadhani wamemaliza wanalala, hapo ndipo shemeji wanarudi. Kikao chenyewe cha mahakama anaingia na kuongea mwenyewe, we unakaa benchi la nyuma.

Unaona sasa? Kozi gani ya wiki sita ya "kimataifa" itakufundisha fomu namba 5? Marekani kozi hizi za mtandaoni ziko nyingi na nyingine ni nzuri tu, kuna chama cha mawakili wao, American Bar Association, kinachoidhinisha programu, na kuna taasisi inaitwa NALA inatoa mtihani wake. Lakini kule msaidizi anafanya kazi chini ya wakili na anajifunza mahakama za kwao. Mteja wako wa Igoma anahitaji Sheria ya Ndoa ya 1971, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, na anahitaji mtu anayejua kwamba tangu 2021 baraza la kata kwenye ardhi linasuluhisha tu, halitoi tena hukumu. Anahitaji mtu anayejua kwamba kijana aliyefukuzwa kiwanda cha samaki ana siku 30 tu za kupeleka lalamiko CMA, tume inayosuluhisha migogoro ya kazi, ukimwambia "subiri tuone mwezi ujao" umemmaliza.

Kazi ya pili ni ya mshahara: kukaa ofisi ya wakili, kupanga mafaili, kuandaa nyaraka, kufungua mashauri kwenye mfumo wa mahakama ambao siku hizi uko mtandaoni. Huko wanataka cheti au diploma ya sheria kutoka chuo kinachotambuliwa na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, sio pdf ya WhatsApp. Na habari njema mdogo wangu ni kwamba cheti cha sheria kinaanzia kwenye ufaulu wa masomo manne form four, D zinahesabika, ila masomo ya dini hayaingii. Kwa hiyo kama hizo zako sio za dini mlango upo wazi. Chuo kikuu cha SAUT hapo Malimbe ni daladala tu, na kuna Chuo cha Uongozi wa Mahakama Lushoto. Ulizia kama kuna utaratibu wa jioni au masafa ili vocha zako usiziache.

Hao wa tangazo waulize maswali mawili tu. Mmesajiliwa na nani na namba ya usajili ni ipi, nikaikague mwenyewe. Halafu kwa nini hela inaenda kwenye jina la mtu badala ya jina la chuo. Ukiona wanaanza "ofa inaisha leo saa sita usiku dada", block.

Kama moyo wako uko kwenye ile ya kwanza, nenda ofisi ya maendeleo ya jamii halmashauri, ulizia msajili msaidizi wa watoa huduma za msaada wa kisheria, atakwambia vikundi vipi vimesajiliwa na nani anatoa mafunzo. Pitia pia shirika la Kivulini, wako hapo hapo Mwanza na mambo ya ukatili wa kijinsia wanayajua haswa. Na usiku ukiwa na bando ingia tovuti ya TanzLII, hukumu za mahakama zetu zimejaa humo bure. Kiingereza chake kitakuchosha mwanzoni, soma hivyo hivyo.

Anti habari. Mimi ni mwalimu wa shule binafsi Nansio, nataka kusoma sheria mpaka uwakili lakini kazi siachi, na network ya huku unaijua. Inawezekana?
*– Mwalimu, Ukerewe*

Nzuri mwalimu. Inawezekana, ila ni safari. Chuo Kikuu Huria kipo tangu 1992 kwa ajili ya watu kama wewe, wana digrii ya sheria na kituo chao kipo Mwanza mjini. Masomo unasoma ukiwa kisiwani, unapakua usiku network ikitulia, ila mitihani unafika kituoni kwa hiyo nauli ya meli iweke kwenye bajeti kabla ya ada. Ukimaliza digrii bado sio wakili, kuna mafunzo ya uwakili ya Law School Dar na hapo ndipo kazi italazimika ikupishe kidogo. Anza kuongea na mwajiri mapema.

Anti, jamaa kijijini kwetu anajiita msaidizi wa kisheria, kamtoza bibi yangu elfu thelathini kumjazia fomu. Ni sawa?
*– Msomaji, Sengerema*

Sio sawa. Ada ya mahakama ipo na inalipwa kwa control number na risiti inatoka, hiyo nyingine ni mfuko wake. Muombe kitambulisho na jina la kikundi chake kilichosajiliwa, akileta maneno mengi nenda kwa msajili msaidizi pale halmashauri, na bibi mwende naye.